Bi Hadubini na Macho ya Fundi

Shemeji yangu anafanya kazi na wageni wasiosema. Hivyo ndivyo anavyowaita: wageni. Wanaletwa wawili wawili ndani ya vichupa vyenye maji ya rangi ya waridi, vimepangwa kwenye boksi la barafu, na kila kichupa kina kipande chembamba kinachong'aa, ukubwa wa kifungo cha koti. Hiyo ni konea, kioo cha mbele cha jicho la mtu. Mwenyewe ameshakufa. Kioo chake bado kiko hai, na kazi ya shemeji ni kujua kiko hai kiasi gani.

Chumba chake kiko ghorofa ya tatu, nyuma ya hospitali, mwisho wa korido yenye taa inayopepesa mwaka mzima. Mlangoni wameandika BENKI YA MACHO, na chini yake mtu mwenye utani ameongeza kwa kalamu ya wino: "Mikopo hakuna." Ndani mna friji, meza, pazia jeusi, kiti chenye mto alioushona mumewe, na ile hadubini. Si hadubini ya shuleni ya kuchungulia mguu wa nzi. Hii hurusha mwanga kwa mshazari hadi kwenye utando wa nyuma kabisa wa konea, kisha hukamata ule unaorudi, kama vile unavyoona mikwaruzo ya meza ukiinamisha kichwa upande wa dirisha. Kwenye skrini hutokea sega la nyuki: seli za pembe sita, zimebanana, kila moja na mpaka wake.

"Hawa ni watu wa kukumba maji," alinieleza siku ya kwanza aliponiingiza mle. "Jicho linavuja ndani kwa ndani saa zote. Hawa wanachota, wanamwaga nje. Wakichoka, kioo kinalowa, kinakuwa kama dirisha la bafuni."

"Wakifa wanazaliwa wengine?"

"Hawazaliwi. Uliopewa ni hao hao mpaka kaburini. Mmoja akifa, majirani zake wananyoosha miguu, wanaziba nafasi."

Kisha huanza kuhesabu. Katikati ya kila seli anaweka nukta, moja baada ya nyingine, na mashine inajumlisha. Zikifika elfu mbili na ushei katika eneo dogo kama kichwa cha pini, na maumbo yake yakiwa mazuri, mgeni anaruhusiwa kwenda chumba cha upasuaji, na mtu aliyekuwa anapapasa kuta anaanza kuwaona watoto wake. Zikipungua sana, hapana. Zikiwa zimetanuka na kupoteza pembe, au pana mashimo meusi katikati yake, hapana. Mle ndani hakuna kubembelezana.

Mtaani kwetu walimwita Bi Hadubini. Wapo walioamini anashona kope. Mama yetu, alipoletewa mchumba huyo kwa mara ya kwanza na kuambiwa kazi yake, aliuliza, "Benki ya macho? Na riba wanatoa nini, kope?"

Shemeji akajibu, macho chini, adabu zote: "Riba ni machozi, mama."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Toka siku hiyo akamwita mwanangu.

Aliyemwoa alikuwa kaka yangu, wa katikati yetu watatu, fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mimi pia. Suruali niliyoendea chuo aliishona yeye, na ndani ya kiuno, mahali pasipoonekana na mtu, akadarizi kwa uzi mwekundu neno moja: RUDI. Ndivyo alivyokuwa. Maneno ya kukuliza aliyaficha ndani ya pindo.

Kila asubuhi, shemeji akiwa na mkoba begani tayari kutoka, Fundi alikaa kizingitini na kikopo cha sindano.

"Mke wangu, nitungie."

"Mwanaume mzima na vidole vyake kumi."

"Vidole ninavyo. Ila uzi uliotungwa na wewe haukatiki."

"Mwongo huyu. Jana haukukatika?"

"Ule niliutunga mwenyewe mchana. Ndiyo maana."

Basi shemeji huweka mkoba chini, akamtungia sindano za kutosha kutwa nzima, nyuzi nyeusi, nyeupe, za bluu, akizichomeka kwenye kipande cha sponji. Nilipokuwa likizo nililala sebuleni kwao, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuwa yakiniamsha. Nilijifanya bado nimelala ili wayamalize. Niliwahi kujiambia kwamba nikioa, nami nitatafuta kitu cha kumwomba mke wangu kila asubuhi, hata kama naweza kukifanya mwenyewe.

Jambo jingine: Fundi hakushika nguo ya mtu mpaka jua lipande. Wateja walishamzoea. Asubuhi alikaa kwenye benchi la duka akifuta miwani kwa pindo la shati, akiivaa, akiivua, akiifuta tena. "Leo kuna ukungu," husema, hata kama mbingu ni safi kama shuka lililofuliwa. Shemeji alimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "Huo ni ukungu wa usingizi, kanawe uso." Ikawa neno la nyumbani. Mtu akichelewa kuamka, ana ukungu wa Fundi. Nilikwenda nalo hadi chuoni, na vijana ambao hawakumjua Fundi hata kwa sura wakawa wanalitumia.

Alianguka dukani asubuhi moja ya likizo yangu, akiwa na utepe wa kupimia shingoni. Moyo ulisimama. Jirani aliyemfikia wa kwanza anasema mkono wake ulikuwa bado umekunja kitambaa, kama mtu anayesubiri tu aambiwe aendelee.

Mchana huohuo tulikaa sebuleni kwa mama: mama, kaka yetu mkubwa ambaye ni dereva wa basi la shule, shemeji, nami. Shemeji hakuwa amelia bado. Alizungumza kama mtu anayebeba beseni limejaa maji.

"Fundi alisema macho yake yatolewe. Alisema tukiwa mezani, na Msomi alikuwepo." Msomi ni mimi, ni jina la dhihaka alilonipa nilipopata nafasi ya chuo, nalo likaganda. "Alisema kitambaa kizima hakizikwi."

"Alisema kweli," nikadakia. "Nilisikia."

Kaka Mkubwa alikuwa anatazama viatu vyake. "Mnataka ndugu yangu azikwe kipofu."

"Wafu hawaoni, kaka."

"Wewe kaa chini."

Nilikuwa nimeshasimama na sikukaa. Nikasema yote niliyokuwa nayo kifuani. Kwamba kila siku tunafukia ardhini vioo vizima ilhali juu ya ardhi hiyohiyo kuna watu wanapelekwa msalani kwa kushikwa mkono. Kwamba yuko mwalimu ameacha kufundisha, yuko mama hajui sura ya mtoto anayemnyonyesha, na dawa yao tunaivika sanda. Kwamba tunaiita heshima, kumbe ni uchoyo uliovaa nguo nyeupe. Bado naamini kila neno. Ila nilikuwa nikimwambia hayo mtu aliyetoka kumfunga kidevu mdogo wake mwenyewe.

"Chuo ndicho kinakufundisha kukatakata ndugu?" Kaka Mkubwa aliuliza taratibu.

Mama akainua mkono, sote tukanyamaza. Akamgeukia shemeji.

"Mwanangu. Kuna mtu ataona?"

"Ataona, mama."

"Utaniambia?"

"Jina lake sitaruhusiwa. Lakini nitakuja mwenyewe nikuambie: anaona."

Mama akakaza kanga kiunoni. "Basi wachukue. Mimi nitakungoja wewe."

Hiyo ndiyo ahadi iliyowekwa, nami niliiona kuwa ushindi wangu.

Daktari mpasuaji alijaribu kumzuia shemeji. Alimwambia atapeleka vichupa kwa wenzao wa mji mwingine, wana mashine kama ile, hakuna sababu ya mjane kujitesa. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Wa kwangu simpeleki kulala kwa jirani." Daktari akanitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye ningeweza kumzuia. Nikatazama pembeni. Akamkubalia kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atarudia kutazama, na kwamba mimi nikae na shemeji mle ndani.

Wana desturi moja pale ghorofani, na ni yeye aliyeileta. Mgeni akitoka kwenye friji haangaliwi. Anawekwa mezani, anaachwa apate joto la chumba. Baridi huzificha seli. Ukiwahi kutazama utaona kijivu kitupu, na unaweza ukamkataa mgeni mzima kabisa kwa haraka yako. "Mgeni hapekuliwi mlangoni," ndivyo anavyowaambia wanaokuja kujifunza. Siku moja alimfukuza daktari mwenye haraka kwa kumfungulia mlango na kumshukuru kwa kuja.

Siku ile alitoa kichupa cha kwanza kwenye friji na kukiweka moja kwa moja chini ya hadubini.

Nilitaka kumkumbusha, lakini ningemkumbushaje Bi Hadubini kazi yake. Skrini ikaonyesha kijivu tu, kama blanketi. Akakitazama kijivu kile kwa utulivu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ya msiba nikamwona anatabasamu.

"Baridi tu," akasema. "Bado ana baridi huyu."

Akakitoa, akakiweka mezani pamoja na mwenzake. Tukangoja. Alifuta meza iliyokuwa safi. Akanyoosha pazia. Akanisimulia jinsi Fundi alivyomshonea gauni la kwanza kwa kumkadiria kwa macho, akakosea mabega, akakataa katakata kwamba amekosea, akasema mabega ndiyo yatakua. Tulicheka kidogo. Nadhani muda ule wa kungoja ndio wa mwisho aliokuwa na mumewe, na ndiyo maana hakuuharakisha. Vichupa vilikuwa vimeshapata joto zamani alipovigusa na kusema, "Haya, Fundi. Karibu."

Sega la nyuki likatokea, likiwa limetobolewa.

Hata mimi nisiyejua nilijua. Mashimo meusi, ya mviringo, mengine peke yake, mengine yameungana kama madoa ya mvua kwenye vumbi. Katikati yake seli zilikuwa zimejinyoosha, zimechoka, kila moja imebeba eneo la wenzake waliokufa. Shemeji alisogeza kichupa kidogo. Mashimo. Akasogeza upande wa pili. Akachukua kichupa cha jicho la pili. Kisha akashika kipanya cha kompyuta akaanza kuweka nukta, taratibu, katikati ya kila seli iliyobaki, kama alivyofanya kwa kila mgeni. Nilimwona mke akiwahesabu waliosalia ndani ya mumewe. Nilitamani awe anakosea, nikatazama vidole vyake, havikuruka seli hata moja.

Daktari alipoingia alisimama nyuma yake.

"Labda bado ana baridi."

"Hana, daktari."

"Tusubiri kidogo zaidi."

"Tukisubiri ataendelea kuwa hivi hivi."

Daktari akavuta kiti. Nadhani alitaka kuujaza ukimya kwa kitu chochote, na kitu alichokuwa nacho ni elimu yake. Akaanza kunieleza mimi. Kwamba huu ni ugonjwa wa polepole, seli hufa moja moja kwa miaka. Kwamba usiku kope zikifungwa, maji hayapati pa kukaukia, yanabaki ndani ya kioo. "Kwa hiyo hawa huwa wanalalamika asubuhi. Wakiamka wanaona kama ukungu, wanafuta miwani, wanadhani ni miwani. Jua likipanda wanakuwa sawa. Ndiyo maana wengi hata hawaji hospitali, maana mpaka—"

Akauona uso wa shemeji, akanyamaza bila kujua amesema nini.

"Nilikuwa namtungia uzi," shemeji akasema.

"Samahani?"

"Kila asubuhi. Alikuwa haoni tundu la sindano. Nilidhani ananidekea."

Ndipo alipolia. Aliinama juu ya meza ile ya chuma, mbali na vichupa, akavisukuma kwanza kwa kiganja visije vikatikisika, halafu ndipo akalia.

Sijui niandike nini kuhusu ghadhabu yangu. Chini pale, ghorofa ya kwanza, kliniki ya macho, kuna hadubini nyingine ya ukoo uleule, ya kutazama walio hai. Unaweka kidevu kwenye kijiko cha plastiki, unatazama taa ya kijani, imekwisha. Ni haraka kuliko kutunga uzi. Fundi alipita mbele ya mlango ule kila alipokuja kumchukua mkewe kazini, akasimama pale na mwavuli wake, akawatania wauguzi. Hakuna aliyemwambia ingia. Mashine ni moja, foleni inafika getini, na anayeingizwa ni yule aliyekwisha kuanza kugonga milango kwa paji la uso. Huu ndio utaratibu wetu: fundi anapimwa macho vizuri akishakufa. Na nikiwatafuta wa kuwalaumu nawapata wengi, mpaka naifikia kauli ile ya ukungu wa usingizi, niliyoisambaza chuo kizima kwa kicheko.

Daktari alitueleza lililobaki. Konea zile hazitampa mtu kuona. Zingeweza kubaki pale ili madaktari vijana wajifunzie kushona jicho, lakini familia haikuombwa hilo, ilibidi iulizwe upya. Ikikataa, zitarudishwa azikwe nazo.

Tuliteremka kwa ngazi. Kwenye kituo cha ghorofa ya pili nikamshika mkono.

"Shem, usimwambie mama."

"Nisimwambie nini?"

"Mwambie kuna mtu anaona. Jina hakuna, sura hakuna, atajuaje? Mpe hiyo moja tu, alale. Na Kaka Mkubwa akijua kwamba ilikuwa bure, hakuna mtu wa ukoo huu atakayetoa jicho tena. Umefikiria hilo?"

Alinitazama kama anavyotazama skrini.

"Jana ulikuwa unahubiri ukweli mpaka mishipa imekutoka."

"Nilikuwa napigania jambo."

"Wewe ulikuwa unapigania, Msomi. Mimi nilikuwa naahidi." Akaendelea kushuka. "Nikianza kuwahesabia watu seli zisizokuwepo, nitaishia wapi?"

Mama alikuwa amehamia dukani kwa Fundi, amekaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani. Kaka Mkubwa alisimama dirishani. Shemeji akakaa chini, mkekani, karibu na miguu ya mama.

"Mama, nilikuambia kuna mtu ataona."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hakuna."

Kaka Mkubwa alishusha pumzi. "Mmemkata bure," akasema. Hakupaza sauti. Angepaza ningekuwa na la kumjibu.

"Macho yake yalikuwa mabovu, mama. Kwa siku nyingi. Asubuhi alikuwa haoni sawasawa. Ule ukungu ulikuwa kweli. Alikuwa ananiambia kila siku, na mimi nikimcheka."

Mama akanyoosha mkono, akalichukua sponji lililokuwa juu ya cherehani. Sindano za asubuhi ile ya mwisho zilikuwa zimechomekwa bado, nyuzi zikining'inia, karibu zote hazijatumika. Akazipapasa moja moja kwa ncha ya kidole.

"Baba yao naye," akasema.

Kaka Mkubwa akageuka.

"Asubuhi alikuwa akitoka nje anagusa ukuta. Nilikuwa namwekea maji ya kunawa mahali palepale, kila siku palepale, asije akayatafuta. Viatu palepale. Watu wakisema nimemlea mume kama mtoto. Nikajua ni uzee unamwingia mapema." Akaigusa sindano nyingine. "Hakuwa mzee. Umri wake ule ndio wako wewe sasa." Alikuwa anamtazama Kaka Mkubwa.

Nje mtu alikuwa anaburuta viti vya msiba, akivipanga.

"Na sasa macho hayo yanarudi?" mama akauliza.

"Ukitaka yanarudi, azikwe nayo. Au yabaki kule, madaktari vijana wajifunzie kushona."

"Kushona?"

"Kushona, mama. Kwa uzi mwembamba kuliko unywele."

Mama akatazama cherehani, mkasi, na vipande vya nguo za watu ambazo hazitamalizwa. Kona ya mdomo wake ilisogea kidogo.

"Huyu amefundisha wangapi humu?"

"Wengi," nikasema.

"Basi mwache afundishe. Ila uwaambie wasikimbize mkono. Hakupenda mshono wa haraka." Kisha akaweka kiganja juu ya kichwa cha shemeji, akakiacha pale. "Na wewe hukumcheka. Ulimtungia. Mtu hatungiwi uzi na asiyempenda."

Shemeji akaitikia kwa kichwa chini ya kiganja kile. Alikubali msamaha kwa heshima ya mama, lakini niliona haukumwingia. Mpaka leo haujamwingia. Kabla hajainuka alimwambia Kaka Mkubwa, bila kumtazama, "Shemeji, asubuhi wewe unaonaje?"

"Mimi naona."

"Haya."

Baada ya maziko, wiki ambayo shule zilikuwa zimefungwa, Kaka Mkubwa alitokea kliniki bila kuitwa. Alinipigia simu nimkute, akajifanya tumekutana kwa bahati. Shemeji alimwomba muuguzi ampishe, akaketi yeye kwenye mashine ya walio hai.

"Kidevu hapa, shemeji. Tazama taa ya kijani. Usipepese."

"Kama nataka kupepesa?"

"Jizuie. Hukuoa mashine hii, ni dakika tu."

Kaka alitaka kucheka lakini kidevu kilikuwa kimebanwa. Picha ikaja. Nilikuwa nimesimama nyuma, na nilikuwa nimeshajifunza kuona. Mashimo hayakuwa mengi kama ya Fundi. Yalikuwepo.

Shemeji hakueleza kitu. Aliuliza tena lile swali lake, kwa sauti ileile: "Asubuhi, unaonaje?"

Kaka Mkubwa alikiacha kidevu kimeegemea plastiki, kama mtu aliyesahau kwamba anaweza kukitoa.

"Nafika mapema," akasema mwishowe. "Naliwasha basi, naliacha lingurume. Naingoja taa ya geti iache kuwa na manyoya. Ikiacha, ndiyo nawafuata watoto." Akaishika meza ya mashine kwa mikono yote miwili. "Siku nyingine haiachi, na muda umefika."

"Shemeji."

"Usimwambie mwajiri wangu."

"Mimi nahesabu tu. Kusema utasema mwenyewe."

Alisema mwenyewe. Walimpa kazi ya kushika geti lile lile, na sasa kila asubuhi analifungulia basi linaloendeshwa na mwingine. Hanilaumu, wala hanishukuru. Kwa upande wangu, shemeji alinipima siku hiyo hiyo, akasema neno moja tu: "Bado." Sijamuuliza kama alimaanisha sina, au sijaanza.

Siku madaktari vijana walipoketi kujifunza, shemeji aliomba ruhusa akasimama mlangoni mwa chumba cha mazoezi. Sikuwa na haki ya kuingia, nilimngoja kwenye korido. Alisimama mpaka mwisho. Kupitia mlango nilisikia sauti ya mwalimu wao ikirudia, polepole, polepole, usivute, na nikajua kwamba ujumbe wa mama ulifikishwa.

Alipotoka alikuwa anakunja pindo la koti lake jeupe kwa vidole, akilikunja na kulikunjua.

"Wanajitahidi?" nikauliza.

"Wanajitahidi. Mmoja ana mkono mzuri." Tukatembea hatua kadhaa chini ya ile taa inayopepesa. "Unajua sindano zao zinatoka kiwandani na uzi wake, Msomi? Zimeshikanishwa kabisa. Hakuna kutunga."

"Sikujua."

"Fundi angezipenda sana," akasema, akafungua mlango wa chumba chake, ambako mezani palikuwa na vichupa viwili vipya, vimetoka kwenye friji muda si mrefu, vinangoja kupata joto.